Miguu mmeipima, kichwa je?

(Haya niliongea tarehe 30 Mei, siku ya ugonjwa wa MS duniani, kwenye kaukumbi kadogo Magomeni. Tulikuwa wagonjwa, ndugu zetu na wanafunzi wa uuguzi. Nimeyaandika kutoka kwenye rekodi ya simu, penye kelele nimeruka.)

Shikamooni wakubwa zangu, na nyie wadogo zangu wa uuguzi pale nyuma mambo zenu. Kabla sijaanza mnisamehe, nitakuwa nachungulia hili daftari. Nimejiandaa wiki mbili nzima, ila bila daftari nitaanza na ugonjwa nitamalizia na bei ya nyanya na hakuna atakayejua tulifikaje huko, hata mimi mwenyewe. Na kijana wa spika nakuomba uzime huo mziki kabisa, hata huo wa chini chini, utaelewa tu baadaye kwanini. Asante baba.

Mimi nina MS, jina refu multipo sklerosisi, ugonjwa wa ubongo na uti wa mgongo, nimeambiwa 2019 baada ya kuzungushwa sana, mara malaria, mara taifodi, mara presha ya macho, na nyumbani wengine wakasema nimerogwa, mpaka jicho moja lilipoingia ukungu ndo nikapelekwa MRI, ile mashine ya kupiga picha ubongo. Sasa niangalieni. Nimesimama, nimevaa kiatu cha kisigino kidogo, nimekuja na daladala peke yangu. Watu wananiambia "mbona uko fiti tu dada", na hapo ndo penye shida yangu yote.

Kila nikienda kliniki naambiwa tembea hadi mlangoni urudi, simama mguu mmoja, gusa pua, fuata kidole kwa macho, nagongwa goti na kile kinyundo. Napasi vyote. Inaandikwa anaendelea vizuri. Natoka, nafika getini, nasimama pale kama mlinzi kwasababu sikumbuki kama dawa nimeshachukua au bado, nafungua mkoba nazikuta, nafunga, hatua kumi mbele nafungua tena kuangalia kama nimechukua. Nani sasa anaendelea vizuri hapo? Miguu yangu ndo inaendelea vizuri. Mimi sijapimwa.

Ngoja niwaambie ilivyoanza. Nilikuwa keshia kwenye duka moja la jumla Kariakoo, vyombo vya plastiki, miaka tisa. Makuli walikuwa wananiita Kalkuleta, wakibishana hela zao huko nje wanakuja dirishani kwangu kuamuliwa. Siku moja mwezi wa pili, na joto la mwezi wa pili mnalijua, kaja mama mmoja wa Morogoro, mteja wa siku nyingi, kachukua sahani dazeni 14 za 9,500 na ndoo 6 za elfu tano. Hesabu ambayo zamani ningeijibu huku namimina chai. Nikapiga sahani, 133,000, sawa. Hapo hapo simu inaita, bosi anauliza mabeseni yamebaki mangapi, kuli anasema dada mzigo wa Tandika unatoka sasa hivi au tusubiri, umeme ukakatika feni ikanyamaza, nageuka kwenye hesabu yangu ile 133,000 haipo. Ingekuwa nimeikosea ningeelewa. Haikuwepo, kama mtu kafuta ubao. Nikaanza upya, ikapotea. Mara ya tatu yule mama akanihurumia, akasema mwanangu ni 163,000, laki mbili hii hapa nirudishie niwahi basi. Mi nikamrudishia 47,000. Naye anawahi, hakuhesabu.

Jioni droo imepungua elfu kumi, na mwezi ule ilikuwa mara ya tatu. Bosi hakunitukana, bora hata angenitukana, alisema kwa upole tu: "Kama una shida ya hela si ungeniambia." Nilibeba hilo neno mpaka nyumbani, nimelibeba mpaka leo. Ningemjibu nini? Kwamba sikuiba, hesabu iliyeyuka? Kuiba angalau mtu anaelewa.

Sasa kinachotokea ni hiki, nitakieleza kifundi umeme maana ndo nilivyokielewa. Nyaya za fahamu kichwani na kwenye uti wa mgongo zimevikwa ganda la mafuta linaitwa mayelini, linafanya ujumbe ukimbie. Kwenye MS kinga ya mwili, badala ya kupigana na vidudu, inageuka inalitafuna lile ganda, panapobaki pako wazi au pana kovu ujumbe unapita kwa kujivuta, au haupiti kabisa. Kovu likikaa njia ya mguu utachechemea na watu watakupisha siti. Likikaa kwenye nyaya zinazounganisha sehemu za kufikiria, hakuna anayeona kitu. Na mara nyingi kinachoguswa kwanza ni spidi. Akili ipo, maarifa yapo, ila inalodi. Mwanangu ana miaka 11, akiniuliza kitu nikakaa kimya anawaambia wenzie "subirini, mama inalodi", na mi nacheka maana katika wote waliojaribu kuuelezea huu ugonjwa pale nyumbani yeye ndo kapatia.

Halafu ubongo haukubali kushindwa kirahisi. Wakiuangalia kwenye MRI wakati mtu anafanya kazi ya kufikiria, wanakuta mara nyingi mwenye MS anatumia sehemu nyingi zaidi za ubongo kwa kazi ile ile. Yaani mwenzio anatoka Ubungo kwenda Posta kwa Morogoro Road moja kwa moja. We ya kwako imefungwa, unazunguka Mandela, Buguruni, unaingia Uhuru, Ilala, Karume, mpaka Mnazi Mmoja. Umefika? Umefika. Jibu umetoa na ni sahihi. Ila mafuta yameisha, na aliyekuona Posta anasema mbona umefika kama mimi tu.

Tufanye mchezo kidogo, nyie wazima mshiriki. Nitataja namba, kila nikitaja mpya we jumlisha na ile niliyoitaja kabla yake, jibu kwa sauti. Haya: tatu... tano. (Ukumbi: "Nane!") Safi. Mbili. (Wengi: "Kumi!") Eeh, nani kasema kumi? Kaka wa shati la bluu, ni saba, unajumlisha mbili na ile tano niliyoitaja mimi, hiyo nane ilikuwa jibu lako, ilitakiwa uitupe. Tisa. (Wachache: "Kumi na moja.") Nne. (Kimya, kisha kicheko.) Mnaona. Kumi na tatu jamani. Hiki ni kipimo kabisa cha hospitali, kilitengenezwa kwanza kwa watu walioumia kichwa, namba inakuja kila sekunde tatu, unatoa majibu 60. Nimeshafanyishwa. Nilipofika majibu kama ishirini hivi nilianza kulia, na sikulia kwa hasira, ilikuwa ni ile hali ya duka kabisa, 133,000 inapotea tena mbele ya macho yangu. Kutunza jibu, kusikiliza jipya, kutupa la zamani, vyote kwa pamoja na haraka, pale ndo penye ugonjwa. Yule mama wa Morogoro na simu ya bosi vilikuwa ni kipimo, ila hakuna aliyekaa pembeni na kalamu.

Na msidhani ni jambo jipya limegunduliwa juzi. Daktari aliyeupa huu ugonjwa umbo lake, Jean-Martin Charcot wa hospitali ya Salpêtrière kule Paris, kazi yake inahesabiwa kuanzia 1868, kwenye mafundisho yake alishasema wazi kwamba kumbukumbu inadhoofika na mawazo yanajengeka polepole. Akalisema, likaandikwa, halafu likasahaulika karibu miaka mia, vitabu vikawa vinafundisha kwamba akili haiguswi, labda kwa wachache sana mwishoni. Yaani madaktari nao walisahau kuhusu kusahau. Mwaka 1983 likatoka toleo la kipimo cha ulemavu cha daktari Kurtzke, kinaitwa EDSS, ndo kinatumika dunia nzima mpaka leo, kinakwenda sifuri hadi kumi, ukishafika nne kwenda juu karibu yote ni unatembea mita ngapi na unatumia fimbo au kiti. Mpaka 1991 mtafiti Stephen Rao na wenzake Marekani walipokaa na watu 100 wenye MS wanaoishi mtaani, hawajalazwa, wakawalinganisha na wengine 100 wasio nayo, wakapata asilimia 43 wana shida ya kufikiria. Asilimia 43! Na hao ni watu wa kukutana nao sokoni.

Kipimo chepesi kipo pia. Karatasi moja, juu kuna alama tisa, kila moja na namba yake, chini kuna mistari ya alama tupu, unajaza namba kwa sekunde 90. Basi. Dakika moja na nusu. Kugongwa goti kunachukua zaidi, ukihesabu na kuvua kiatu.

(Hapa niliomba maji.)

Sasa uchovu. Kiswahili chetu kwenye hili kimenitupa, nasema kweli. Kuchoka kila mtu kachoka, mtu katoka kazini kachoka, mwenye shati limepauka vijana wanasema kachoka, ukikutana na mtu jioni unampa pole na uchovu, anapokea, yameisha. Nikisema nimechoka nimesema nini? Kwahiyo mi nyumbani nasema nimezima. Watatu kati ya wanne wenye MS, au hata zaidi, wana huu uchovu, na wengi watakuambia ndo unawasumbua kuliko kitu kingine chochote, na hauendani na kazi uliyofanya. Unaweza ukawa hujainua kijiko, umekaa tu kwenye kikao cha kikoba masaa mawili watu wanabishana faini, unatoka pale huwezi kumalizia sentensi.

Chukulia mita ya LUKU. We unaamka na yuniti 50, mi naamka na tano. Kuongea na mtu mmoja sehemu tulivu ni taa, inakula kidogo. Kuongea na watu watatu penye redio ni pasi. Kujaza fomu benki na foleni ipo nyuma yako wanakohoa kohoa, hilo ni jiko la umeme. Na tofauti na LUKU, saa saba mchana huwezi kununua tokeni. Nalala masaa mawili naamka na yuniti moja, siku nyingine naamka na sifuri na mto umeloa jasho. Ndo maana ya ule mziki, kijana wangu. Wewe unausikia, mimi naulipia.

Na huu ndo mtego, sikilizeni ndugu wa wagonjwa: asubuhi saa moja niko vizuri kabisa. Ukinikuta saa hiyo utaapa nadanganya watu. Napiga hesabu, natania, nakumbuka birthday ya mtoto wako. Ukirudi saa tisa alasiri unamkuta mtu mwingine, anakuangalia mdomo unavyocheza. Sasa mashemeji wakinikuta asubuhi wanasema anajisikia tu, anachagua kazi. Hata leo, mnaniona nachekesha hapa, kesho siku nzima nitakuwa kitandani pazia limefungwa. Niliipanga hiyo, nimeilipia mapema, sihitaji pole.

Joto nalo. Daktari wa macho Mjerumani, Uhthoff, aliandika mwaka 1890 kuhusu wagonjwa ambao macho yao yalififia wakishatoka jasho la mazoezi. Baadaye ikaonekana ni joto lenyewe, mwili ukipanda hata nusu digrii tu waya uliokwanguka unaweza kugoma, ukipoa unarudi. Kabla ya MRI walikuwa wanamzamisha mtu kwenye maji ya moto kuona kama dalili zitajitokeza, ndo kipimo! Sasa sisi wa Dar tunazamishwa bure kuanzia Desemba mpaka Machi. Mi napika saa kumi na moja alfajiri, mchana nakaa na khanga mbichi mabegani, maji ya baridi karibu. Na homa ni hivyo hivyo, ukiona mgonjwa wako kachanganyikiwa ghafla msikimbilie kusema MS imepanda kichwani, apimwe mkojo na malaria kwanza, UTI ndogo tu inaweza kumzima mtu siku tatu.

Mama yangu haamini, Mungu amtunze. Ananiambia mbona harusi ya shangazi yako ya mwaka 1998 unaikumbuka hadi rangi ya sare, mbona tenzi zote unaimba bila kitabu, leo nimekutuma chumvi umeleta mkaa. Mama, vya zamani viko ndani, vimeshafungiwa kabatini. Shida yangu ni mlangoni, kipya hakiingii vizuri, hasa kikija haraka na kelele. Watafiti wameliona hilo, mtu wa MS akirudiarudia kitu mara nyingi zaidi mpaka kikaingia kweli, baadaye anakikumbuka karibu sawa na wengine. Kwahiyo nikikuomba urudie, rudia. Usiniambie "si nimekuambia sasa hivi". Najua umeniambia, ndo maana nakuomba.

Na wale wa "hata mimi nasahau, ni umri tu huo". Sawa, we unasahau funguo umeweka wapi. Mimi siku nyingine ninazo mkononi, niko mlangoni, naangalia lile... lile li... jamani, lile la kufungia, la chuma. (Mtu: "Kufuli!") Kufuli, asante. Sikupanga hiyo, wallahi, ila imekuja mahali pake.

Haya, dawa. Najua wengi mmekuja kusikia kidonge. Mwaka 2021 yalitoka matokeo Marekani, watu 141 wenye MS na uchovu, wakajaribishwa kwa zamu dawa tatu zinazoandikwa sana kwa huu uchovu, amantadine, modafinil na methylphenidate, pamoja na kidonge cha bandia kisicho na kitu. Hakuna kati ya zile tatu iliyokizidi kile cha bandia, na zilileta maudhi zaidi. Sisemi mtu aache dawa yake, kama inakusaidia ni wewe na daktari wako. Nasema usiuze kiwanja kuitafuta. Vilivyoonyesha unafuu ni mazoezi ya mwili ya kiasi, na kukaa na mtaalamu wa saikolojia kwa mpango maalum wa kupanga siku na mawazo, vitu ambavyo watu wakisikia wanakunja uso kwasababu havimo kwenye kichupa.

Ila kabla ya hapo mtu aangaliwe damu kama imepungua, tezi ya shingo, usingizi, maana ukiamka mara nne kukojoa hiyo peke yake inatosha kukutoa akili. Na aangaliwe zile dawa anazokula. Baadhi za kutuliza kibofu na za kukaza kwa misuli zinaongeza ukungu, mi mmoja wa ndugu zangu humu alibadilishiwa ya kibofu na mkewe akasema "karudi". Muulizeni daktari, msijikatie wenyewe. Na sonona. Tuiseme kwa jina. Ni nyingi sana kwenye MS, nusu yetu hivi inatupitia wakati fulani, na ikija inakaa juu ya kichwa ambacho tayari kinajivuta. Mimi baada ya lile neno la bosi nilikaa miezi minne sichani nywele. Ile haikuwa kovu la kwenye MRI, na ilitibika.

Siku hizi nafanya hesabu za maduka mawili ya mtaani kwetu, nyumbani, saa kumi na mbili mpaka saa nne asubuhi, simu iko chumba kingine, duka moja kwa wakati, nikimaliza ukurasa napumzika hata kama sijachoka, kwasababu ukisubiri mpaka uchoke umeshachelewa. Kalkuleta sasa anatumia kalkuleta. Maharage nikibandika naweka alamu, baada ya kuunguza sufuria ya tatu nilikubali. Hela kwenye simu natuma asubuhi tu, na namba nasoma kwa sauti, maana nilishamtumia mtu nisiyemjua ada ya mtoto saa kumi jioni, na alirudisha, ndo mjue Watanzania wazuri bado wapo.

Wadogo zangu wa uuguzi, mtakaponikuta wodini niulizeni swali moja, msubiri, hata kama kimya kinawachoma. Maelekezo mniandikie. Clinic msinipangie saa nane mchana. Na mkishanitembeza mpaka mlangoni na kurudi, niulizeni ile nyingine: kazini imekuwaje, nyumbani nani analipa bili, lini mara ya mwisho umepotea sehemu unayoijua. Bosi wangu angeulizwa na mtu mwenye koti jeupe labda asingedhani ninachodhaniwa mpaka leo.

Nimebakiwa na yuniti moja, na naona daftari nalo limeisha. Maswali muandike kwenye vikaratasi, nipeni kimoja kimoja, na hiyo feni naomba igeuzwe huku. Tuanze upande huu, ila wa kwanza asiwe yule kaka wa kumi.